Nimeacha dawa ya presha kwa siri ili niokoe meno

Mshauri, salaam nyingi.

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Morogoro na mume wangu. Watoto wote wameshajitegemea. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, maana ninachotaka kukueleza sijamwambia mtu yeyote.

Nina presha na sukari. Presha niligundulika nayo miaka minne iliyopita, nikaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Mwaka jana mwezi wa Julai ilikuwa haishuki, wakanipandishia hadi 10. Kwa sukari natumia metfomini asubuhi na jioni. Desemba nikaongezewa amitriptilini ya miligramu 25, moja usiku, kwa sababu miguu ilikuwa inawaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Kwa miguu nimepata nafuu, sikatai. Usiku nikibanwa na mafua nameza na Piriton, na vumbi la hapa kwetu likianza, mafua hayaishi.

Oktoba au Novemba niliona kinyama kimetokeza kati ya meno mawili ya mbele, juu. Kilikuwa kama punje ya mtama. Sasa ni punje ya muhindi na kina wenzake. Fizi zimeshuka zikafunika meno mpaka yanaonekana mafupi kama ya mtoto. Nikipiga mswaki damu inatoka, kwa hiyo pale mbele sipitishi tena mswaki. Natumia kidole na mkaa uliosagwa na chumvi, jirani alinielekeza. Kuna gego la chini kushoto linacheza. Lilipouma mwezi uliopita nilisaga aspirini nikaibana kwenye fizi. Ngozi ikababuka ikawa nyeupe, ikanitesa siku nne.

Usiku mdomo unakauka hadi ulimi unanata kwenye kaakaa. Nameza vidonge vya usiku kwa kikombe cha chai ya maziwa ndipo nilale. Asubuhi harufu naisikia mwenyewe. Mume wangu hajanisema hata siku moja, ila kila jioni akirudi ananiwekea mezani pipi za mnanaa, tano au sita, bila neno. Namwelewa. Nazimung'unya kutwa.

Kwaya nimeimba miaka 20. Tangu Pasaka siendi mazoezini. Nikiwa na watu nafunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Mwezi uliopita mama mmoja kanisani aliniambia tatizo ni dawa za presha, dada yake lilimpata hivyo hivyo. Nikaenda kwa daktari wa meno kwenye kituo kimoja binafsi. Alinitazama dakika chache akasema fizi zikatwe na gego ling'olewe. Hakuniuliza natumia dawa gani. Basi nikaacha amlodipini. Leo ni siku ya 16. Kichwa hakiumi, sioni kizunguzungu, niko kawaida kabisa. Juzi nilipima duka la dawa wakaniambia 176 kwa 104. Na fizi hazijapungua hata kidogo.

Hela ya dawa hunitumia binti yangu aliyeko Dodoma. Ya mwezi huu nimeiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nachanga nikakatwe fizi. Kila Jumapili anapiga: "Mama, dawa umemeza?" Namjibu nimemeza. Kliniki naogopa kurudi, nesi mmoja aliwahi kunifokea mbele za watu kwa kuruka dozi.

Nifanyeje? Nirudie dawa nibaki kibogoyo, au niache niwe na meno yangu na presha inimalize? Na kwaya je, nirudi?

Mama wa Kanga, Morogoro

JIBU

Mama, shikamoo. Asante kwa kutoichana na hii ya nne.

Fizi tutazifikia, lakini 176 kwa 104 haiwezi kungoja. Naomba kesho asubuhi ufike kliniki, hata kama si siku yako ya miadi, na paketi za dawa zako zote mkononi, pamoja na Piriton. Waambie umekaa siku ngapi bila amlodipini, wao ndio waseme uirudie kwa miligramu 10, uanze na 5, au upewe nyingine. Usimeze mbili kufidia zile ulizoacha. Na kama kabla ya hapo mkono au mguu wa upande mmoja utalegea, uso ukapinda, maneno yakagoma kutoka, macho yakapata ukungu ghafla au kifua kikabana, hiyo si ya kesho. Ni hospitali saa ile ile.

Unasema uko kawaida kabisa, nami naamini. Ndivyo presha ilivyo, wengi wenye 176 hawasikii chochote. Halafu amlodipini huondoka mwilini taratibu: baada ya kidonge cha mwisho, nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kutoka, kisha nusu ya iliyobaki huchukua muda kama huo tena. Ndiyo maana mtu huacha siku mbili tatu akapima, akakuta hali ni nzuri, akadhani amepona. Wewe umeshapita hapo. Kwa siku 16 imeshakwisha mwilini, na hiyo 176 ndiyo presha yako bila msaada.

Fizi nazo zina mwendo wao. Nyama iliyoota kwa miezi hainyauki kwa siku 16. Dawa ikibadilishwa na mdomo ukasafishwa vizuri, mabadiliko huhesabiwa kwa wiki na miezi. Kwa hiyo jaribio lako, Mama, halijathibitisha kwamba dawa haihusiki, wala kwamba inahusika. Limekuachia hatari ya presha mapema, kabla fizi hazijapata muda wa kukuonyesha lolote.

Nikikuelewa vizuri, barua yako imeweka meno upande mmoja wa mizani na uhai upande mwingine, na unaona lazima kimoja kitupwe. Naomba tuutazame huo mzigo kipande kwa kipande, maana naona vitu vitatu tofauti vimefungwa kwenye kanga moja.

Cha kwanza ni vinyama. Aliyekuambia kuwa dawa ya presha yaweza kuotesha fizi hakukudanganya. Amlodipini ni ya ukoo mmoja na nifedipini, ambayo kwa jambo hili ni kali zaidi. Fenitoini ya kifafa hufanya hivyo pia, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo. Nyama huanzia pale pale ulipoiona, kwenye ncha ya fizi kati ya meno ya mbele, mara nyingi ndani ya miezi michache tangu dawa ianze au dozi ipande. Julai ulipandishiwa dozi, Oktoba au Novemba ukaona punje ya mtama. Tarehe hizo mbili ziandike kwenye karatasi uende nazo. Daktari akiziona zimeandikwa hivyo sambamba atakuelewa upesi.

Ila wapo wengi wanaomeza dawa hiyo hiyo miaka mingi na fizi zao haziguswi. Kinachotofautisha, kwa sehemu kubwa, ni ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga mpakani mwa jino na fizi, ambao ukikaa hugeuka ugaga mgumu usiotoka kwa mswaki. Dawa huiweka fizi tayari kuvimba, na ukoga huichokoza. Fizi ikivimba inatengeneza mifuko ambayo mswaki haufiki, ukoga unaongezeka, damu inatoka. Hapo ndipo wewe, kwa kuogopa damu, ulipoacha kupitisha mswaki mahali palipouhitaji kuliko pote. Sikulaumu, karibu kila mtu hufanya hivyo. Lakini damu ile haisemi mswaki unaumiza. Inasema pana uchafu umekaa.

Cha pili ni gego linalocheza. Kuvimba kwa fizi peke yake hakulegezi jino kiasi hicho. Kwa kawaida jino hucheza kwa sababu mfupa unaolishika umeliwa na maambukizi ya muda mrefu chini ya fizi, na sukari iliyo juu huharakisha kazi hiyo. Maambukizi nayo huipandisha sukari, vinalishana. Kwa hiyo hata ungeacha amlodipini mwaka mzima, gego hilo lisingekaza. Umeeleza presha yako kwa tarakimu, ila ya sukari hukuitaja. Uliza kuhusu kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu.

Cha tatu ni ukavu na harufu. Mshukiwa mkuu hapa ni amitriptilini, ambayo hukausha mate, na Piriton inaongezea juu yake. Tena mate hupungua yenyewe usingizini kwa mtu yeyote, na wewe unazimeza zote usiku. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Ndiyo yanayosuuza mabaki, yanayozimua tindikali na kulirudishia jino madini. Yakipungua, harufu inakuja na meno yanaoza upesi, hasa shingoni mwa jino karibu na fizi.

Hapo ndipo pipi za mzee zinapoingia. Bakteria wakila sukari hutoa tindikali, na kipimo chake (pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi) kikienda chini ya 5.5 jino linaanza kuyeyuka. Kwa mdomo wenye mate ya kutosha, pipi moja ni kama nusu saa ya hali hiyo, kwa mdomo mkavu ni zaidi. Pipi sita zilizosambazwa mchana ni saa tatu na ushei kila siku, na sukari yako ya damu inapanda nazo. Mwambie mzee alete chingamu isiyo na sukari, ile iliyoandikwa zailitoli ikipatikana. Tafuna dakika 10 baada ya kula, kwa upande wa kulia, usilisumbue gego. Hiyo huita mate, pipi hufunika harufu tu.

Sasa njia zilizopo mbele yako. Siwezi kukuchagulia, maana moyo wako, figo zako na fizi zako sijaviona.

Waweza kubaki na amlodipini, pengine kwa dozi ndogo ikisaidiwa na dawa nyingine, huku fizi zikisafishwa kitaalamu. Faida yake ni kwamba hauichezei presha iliyochukua muda kuikamata. Kasoro yake ni kuwa usafi lazima uwe wa kila siku bila kuruka, na hata hivyo si kila fizi hurudi.

Waweza kuomba kubadilishiwa ukoo wa dawa. Hapa uwe macho. Ukipewa nifedipini umehama chumba, nyumba ni ile ile. Enalapili na lisinopili hazioteshi fizi, na kwa mwenye sukari ambaye protini inaonekana kwenye mkojo zina faida kwa figo. Lakini kwa watu wa asili ya Kiafrika, zikitumiwa peke yake mara nyingi hazishushi presha vizuri kama amlodipini, ndiyo maana wengi huanzishiwa hiyo. Nazo zina yao ya mdomoni na kooni: kikohozi kikavu kisichoisha, na mara chache midomo na ulimi kuvimba ghafla, jambo linalotupata Waafrika zaidi, na likitokea ni mbio hospitali. Losatani haina sana kikohozi hicho. Dawa za kukojoza maji ni nafuu na zinafaa wengi, ila zaweza kuongeza ukavu na kupandisha sukari kidogo. Kila mabadiliko yanataka wiki kadhaa za kupimwa mara kwa mara.

Na kuna kukatwa fizi. Si wazo baya, ila nina wasiwasi na mpangilio wake. Zikikatwa leo wakati ukoga upo na dawa ni ile ile, zaweza kuota tena ndani ya miezi, na hela ya kopo itakuwa imekwenda. Kwa kawaida husafishwa kwanza, ugaga ukakwanguliwa, ukasubiriwa wiki kadhaa, ndipo ikaangaliwa kilichobaki. Wengine hawafiki hatua ya kisu. Tena presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, daktari wa meno makini ataahirisha kung'oa na kukata, na sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kufunga. Kwa hiyo kuacha dawa kunaweza kukuzuilia lile ambalo umeanza kulichangia. Ukirudi kwake au kwa mwingine, mpe orodha ya dawa hata kama huulizwi, aspirini ikiwemo kama unaimeza, maana huongeza kuvuja damu. Ila kama uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako.

Amitriptilini nayo usiikate ghafla, usingizi unaweza kuvurugika na kichefuchefu kikaja. Imekusaidia miguu, na hilo lina uzito wake. Uliza kama 10 badala ya 25 ingetosha, au kama kuna dawa nyingine ya neva isiyokausha. Piriton ndiyo rahisi kuiacha, kwa mafua ya vumbi zipo dawa zisizokausha mdomo sana kama hiyo.

Wakati unasubiri, mdomo waweza kuanza kuuhudumia usiku huu. Nunua mswaki laini kabisa. Dawa ya meno yenye floraidi, pembeni imeandikwa 1,000 hadi 1,500. Weka kiasi cha punje ya harage. Laza mswaki uelekee fizi kwa mshazari, nusu ya nywele ziguse fizi na nusu jino, utikise taratibu bila kusugua kama sufuria, meno mawili mawili, dakika mbili nzima. Anza na yale ya mbele unayoyakwepa, ukiwa bado na subira. Damu itatoka siku za mwanzo. Ukiendelea, kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Tema povu, usisukutue kwa maji, floraidi ibaki. Kati ya meno tumia uzi wa meno au vile viburashi vidogo. Vijiti huchoma fizi iliyovimba. Ukipendelea mswaki wa mti ni sawa, ila kata ncha kila siku utafune mpya. Mkaa uache, unakwangua jino na kuikwaruza fizi. Chumvi haina shida ikiwa ndani ya maji: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema, usimeze kwa ajili ya presha.

Ukipewa maji ya kusukutua ya klohexidini ya asilimia 0.2, ni mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, na si zaidi ya wiki mbili bila kuelekezwa. Ipishane na dawa ya meno kwa nusu saa, la sivyo zinaharibiana. Hupaka meno rangi ya kahawia, hasa kwa wanywa chai. Rangi hiyo hutoka kwa kusafishwa, usije ukashtuka. Yale yenye spiriti yapite mbali, hukausha.

Na ile chai ya maziwa ya usiku, ihamishie kabla ya mswaki. Vidonge meza kwa maji. Baada ya mswaki wa usiku hakuna kingine ila maji, glasi ikae karibu na kitanda.

Aspirini ni ya kumeza. Ni tindikali, ikibanwa kwenye fizi inaunguza, na weupe ule ulikuwa ngozi iliyokufa. Haifiki kwenye mshipa wa jino kwa njia hiyo.

Limebaki la binti yako. Ukimwambia, huenda akaumia kwa zile Jumapili alizodanganywa, huenda akataka uhamie Dodoma kesho yake. Usipomwambia, itabidi uendelee kujibu "nimemeza", na siku ukianguka atakuwa wa mwisho kujua sababu. Njia ya katikati ni kuanza na mzee, ambaye naona anajua zaidi ya anavyosema, mwende kliniki wawili, kisha mumpigie mkiwa na mpango mkononi. Mtu akiambiwa tatizo pamoja na hatua iliyokwisha kuchukuliwa hapigi kelele sana. Lakini binti ni wako, wewe unamjua.

Na nesi yule alikosea kukufokea mbele za watu. Una haki ya kuomba kuongea na daktari au nesi mwingine faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Sema hivi tu: "Dawa imeniotesha fizi, nikaogopa nikaacha, nimekuja tutafute njia." Anayejua kazi yake atakushukuru kwa sentensi hiyo, kwa sababu wengi huacha kimya kimya.

Kuhusu kwaya, fizi zilizovimba haziharibiki kwa kuimba, na hakuna sababu ya kiafya ya kukuzuia wiki hizi za matibabu, mradi presha imeshaangaliwa. Kitakachokusumbua ni ukavu. Piga mswaki kabla ya kutoka, usiende na njaa, weka chupa ya maji ya nusu lita chini ya kiti na upige funda dogo kila mnapobadilisha wimbo. Kama kusimama mbele ni kugumu kwa sasa, omba nafasi ya mstari wa nyuma mpaka fizi zipungue.